Geuza kifungo utazame mgongo wake

Naunga mkono kuwanunulia wapambe wa bwana harusi vifungo vya mikono ya shati vilivyokwisha kutumika, ila kabla hujavutiwa na nakshi, geuza utazame nyuma. Vile vya Uingereza vina mihuri midogo: 375 ni dhahabu ya karati 9, 750 ni karati 18. Nanga maana yake kilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo kando kwa kawaida hutaja mwaka. Ukiona 15 pamoja na .625, umeshika kitu cha kale kweli, maana Waingereza waliifuta karati 15 mwaka 1932. Hicho ningempa mpambe mkuu! Pasipo na muhuri, usilipe bei ya dhahabu hata muuzaji aape vipi.

Jozi nyingi zinazofanana usizitafute, hutazipata. Kila mtu awe na yake, ndiyo raha. Vyenye herufi za jina la mtu mwingine viache, kwa sababu kuzisugua kunakula dhahabu. Vya mnyororo vivute kidogo kabla ya kulipa, vikuku vyake huchakaa mapema.

Halafu, wapambe Waislamu je? Wengi wao hawavai dhahabu, dini imewakataza wanaume. Hao wanunulie vya fedha, tena ni nafuu. Na uliza mapema kama mashati yana mikono ya kukunjwa yenye matundu pande zote mbili. Shati la kawaida halivipokei.