Dubu Ana Majirani

Kitu cha kwanza nilichotafuta ni geti. Mtu aliyekulia Sagalla, kule chini karibu na Voi, anajua mbuga huanza wapi: huanza kwenye geti, kwenye kibao cha bei, na kwa askari mwenye bunduki anayekuangalia kuanzia viatu. Kwa hivyo siku ile ya Mei tulipotoka Oviedo, kaskazini mwa Uhispania, wanafunzi wanne ndani ya gari la kuazima, nilikaa dirishani nikingoja Mbuga ya Somiedo ianze. Tukapita nyumba za mawe. Tukapita kanisa, baa yenye wazee watatu nje, halafu ng'ombe waliolala katikati ya barabara kana kwamba kaunti ni yao. Nikauliza tutafika mbugani saa ngapi. Mwenzangu aliyekuwa akiendesha akacheka hadi akapunguza mwendo.

"Tumo ndani tangu nusu saa iliyopita."

Sikucheka. Niliingiwa na wivu, na wivu huo haujatoka mpaka leo, ndio unaoandika haya.

Tulikwenda kutazama dubu na ndege. Majira ya machipuko ndiyo saa yao. Dubu wametoka mapangoni baada ya baridi, wana njaa, misitu bado haijafunga majani, na ukikaa ng'ambo ya bonde na darubini unaweza kuwaona peupe. Hakuna kuwafuata kwa gari. Unasimama mahali pa kutazamia, kando ya kijiji, unanyamaza, unangoja. Baridi ya kule jioni, hata Mei, si ya Limuru; nilivaa soksi mbili na bado vidole vilinikana.

Alionekana karibu saa tatu usiku, kwa saa zao jua bado lipo. Jike na watoto wawili, kwenye mteremko wa majani chini ya majabali, kama kilomita moja kutoka tulipokuwa. Kwa macho matupu ni nukta ya kahawia. Kwenye darubini ndefu ya miguu mitatu akawa mnyama: kichwa chini, anang'oa nyasi taratibu kama ng'ombe, na vitoto nyuma yake vinaangushana. Niliambiwa majike wenye watoto hupenda kukaa karibu na majabali msimu huu kwa sababu ni msimu wa kupandana, na dume akikuta watoto wasio wake huweza kuwaua ili mama arudi kwenye joto. Hiyo ndiyo sababu alikuwa akiinua kichwa kila mara. Sisi hakutujali kabisa.

Kilichonishika ni sauti. Wakati namtazama dubu wa mwituni nilikuwa nasikia kengele za ng'ombe. Si ng'ombe wa mbali. Walikuwa bonde lile lile, mbwa wao wakubwa wakibweka, na mtu fulani chini kijijini anapasua kuni. Mzee mmoja alipita nyuma yetu na fimbo, akatusalimia, akauliza kama "ameshatoka". Akimaanisha dubu. Kama vile unavyomuulizia jirani kama amesharudi kazini.

Sasa nisikilize vizuri, wewe msomaji wa Nairobi ambaye wikendi ukienda mbugani unaweka video ya sekunde thelathini na wimbo chini yake. Somiedo ni hifadhi tangu 1988. Mwaka 2000 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha yake ya hifadhi za viumbe na mazingira. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 290, na ndani yake wanaishi watu elfu moja na kitu, na shule, na madeni, na ng'ombe wao. Hakuna aliyeambiwa afunge virago ili dubu apumue.

Tena kuna sehemu zilizofungwa, zile za milimani ambako dubu anahitaji utulivu zaidi. Nilidhani najua kufungwa maana yake nini. Nikakosea. Sehemu hizo zimefungwa kwa mtalii. Mfugaji wa pale mwenye haki ya malisho anapita na ng'ombe wake.

Rudia hiyo sentensi ukiwa Voi. Mtalii anasimamishwa, mchungaji anapita.

Kwetu ni kinyume, na tumefundishwa kwamba kinyume hicho ndicho maumbile. Tsavo ilitangazwa mbuga 1948, na serikali ya kikoloni, bila kumuuliza mtu aliyekuwa na mzinga wa nyuki pale. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mizinga. Waata, watu waliowinda tembo kwa upinde mzito na mshale wa sumu tangu kabla reli haijafikiriwa, wakageuzwa majangili miaka ya 1950 na wengi wakaishia jela. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga. Sisi tulibakishiwa ukingo, na kwenye ukingo ndiko tembo hupita usiku. Na si Tsavo pekee: Waendorois walitolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, na ilipofika 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatangaza kwamba Kenya iliwakosea. Ukiuliza kwa nini iwe hivi unaambiwa watu na wanyama wakubwa hawawezi kukaa pamoja, ni sayansi. Nilipokuwa darasa la saba niliandika insha nzima kuhusu jambo hilo nikapewa alama nzuri. Wazo lenyewe lilitoka Ulaya. Ulaya ile ile ambako mimi nilisimama na soksi mbili nikisikiliza kengele za ng'ombe kwenye bonde la dubu.

Najua utaniambia nini. Dubu si tembo. Kweli. Dubu dume wa milima ile akifika kilo 200 ni jitu; tembo ni tani tano na usiku mmoja anamaliza shamba lote na tangi la maji juu yake. Sijasahau, nilikulia humo. Na hata dubu si mwanasesere: mwaka 2021, wilaya ya jirani ya Cangas del Narcea, dubu alimjeruhi vibaya mwanamke mzee aliyekuwa matembezini. Lakini kama mnyama wetu ni hatari zaidi, basi jirani yake anastahili kulipwa zaidi na haraka zaidi. Sisi tumechukua hatari hiyo hiyo tukaifanya sababu ya kumlipa polepole.

Utaniambia pia kwamba wao ni matajiri, wana pesa za Umoja wa Ulaya hadi kwenye kwato za ng'ombe. Ni kweli, na mashamba yao yangekufa bila ruzuku hizo. Ila kibao kinachosema "mtalii asipite, mfugaji apite" kinagharimu mbao na rangi.

Wala sijaja kuwauzia Wahispania kama malaika. Waliwaua dubu wao karibu wote. Kuwinda dubu kulipigwa marufuku 1973, na miaka ya mwanzo ya 1990 walikuwa wamebaki makumi tu katika milima yote ya Cantabria, wamegawanyika makundi mawili yasiyoonana. Hesabu ya vinasaba ya 2020 ilikadiria wapo karibu 370. Kilichofanyika kati hapo si miujiza: doria, kesi mahakamani kwa waliotega sumu, kung'oa mitego ya waya iliyowekewa nguruwe-mwitu (waya ule ule unaowanasa digidigi wa Tsavo), kupanda miti ya matunda, na fidia kwa mwenye nyuki au mifugo iliyoliwa. Vijiji vilikuwepo muda wote.

Na hao wafugaji hawakuheshimiwa tangu zamani, usidanganyike na picha za posta. Wafugaji wa kuhamahama wa Asturias, vaqueiros, waliopandisha ng'ombe milimani kila kiangazi, walidharauliwa karne nyingi kama watu wasio na kwao. Katika kanisa la San Martín de Luiña, karibu na pwani, kuna maandishi sakafuni yanayosema vaqueiros wasivuke pale kusikiliza misa. Sakafuni, kwenye jiwe. Leo vibanda vyao vya kuezekwa kwa vichaka viko kwenye kila kijitabu cha utalii cha Somiedo. Kwa hivyo usiniambie kule kuna utamaduni na huku hakuna. Kule watu walibishana, wakashinda mahali fulani. Mchungaji wetu bado yuko nyuma ya mstari wake.

Asubuhi ya pili tulitazama ndege, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Tumbusi walikuwa wakipanda na hewa ya joto bila kupiga bawa. Kunguru wembamba wenye mdomo na miguu myekundu walijirusha kutoka kwenye majabali kama watoto wanaoruka mtoni. Kekeo aliita mpaka akachosha. Halafu, kwenye seng'enge ya shamba, mbwigu. Dume: kichwa cha kijivu, mgongo wa kahawia-nyekundu, barakoa nyeusi machoni kama mwizi wa katuni. Kando yake, kwenye mwiba, alikuwa ametundika mende, akiba ya baadaye.

Huyo ndege namjua. Hutumia miezi ya baridi ya Ulaya kusini mwa Afrika, na hata wale wa Uhispania, badala ya kukata njia fupi kupitia Morocco, huzunguka upande wa mashariki. Aprili wanapita Kenya kwa wingi wakirudi kaskazini. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, watafiti na wenzao wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa ndege wahamao na kuwavisha pete tangu 1969, na mbwigu huyu yumo miongoni mwao. Yawezekana kabisa yule wa kwenye seng'enge alikuwa wiki chache nyuma amekaa kwenye mchongoma wa nyanya yangu. Hakuonyeshwa geti popote.

Karibu na hapo mzee yule wa fimbo alituonyesha ukuta wa mawe wa mviringo, mrefu kunizidi, na juu yake mawe bapa yaliyotokeza nje. Ndani kuna mizinga ya nyuki. Mawe yale yanatokeza hivyo ili dubu akipanda ashindwe kumalizia. Wazee wao walijenga kuta hizo kabla ya neno uhifadhi kuingia kijijini. Walijua dubu atakuja, wakajenga. Nikamwambia kwamba kwetu Sagalla tunafanya kinyume, tunatundika mizinga kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka na yeye anatoroka. Kihispania changu kilikuwa kinachechemea, ikabidi niigize tembo. Mzee alinielewa, akacheka, kisha akauliza swali ambalo sikutarajia kutoka kwa mtu asiyenijua.

"Na akipita hata hivyo, mnalipwa?"

Yeye analalamika sana, kumbe. Kwamba fidia inachelewa, kwamba anayekuja kukagua ni kijana asiyejua kondoo, kwamba mbwa mwitu tangu walipoongezewa ulinzi 2021 wamekuwa wakubwa wa mji. Alilalamika dakika ishirini bila kupumua. Nikamsikiliza nikiwaza: huyu analalamika kama mtu anayejua atalipwa.

Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 si mbaya kwenye karatasi. Milioni tano mtu akiuawa. Milioni tatu ulemavu wa kudumu. Mimea na mifugo, kwa bei ya soko. Ina na kipengele kwamba hulipwi mimea kama hukuchukua hatua za kutosha kuilinda, kipengele ambacho ningependa aliyekiandika aje akisome kwa sauti mbele ya tembo saa nane usiku. Nyanya alichukua hatua zote. Mizinga, mabati ya kugonga, moto wa pilipili, na mjomba wangu kulala shambani na tochi msimu mzima wa mahindi. Tembo wakapita. Fomu ikajazwa, picha zikapigwa, mtu wa ofisi akaja akahesabu mabua yaliyovunjika, akasaini. Miaka sita sasa. Ukienda kuuliza unaambiwa faili iko juu.

Kwa hivyo nikisikia mtu wa Nairobi akisema wanakijiji wa kando ya mbuga "wamevamia njia ya tembo", huwa nataka kumuuliza yeye amevamia nini pale Syokimau. Jirani na Mbuga ya Nairobi huitwa mwekezaji. Jirani na Tsavo huitwa tatizo.

Usiku ule nilimpigia nyanya simu kutoka Pola de Somiedo, mtandao ukikatika katika. Nikamwambia nimemwona dubu. Ikabidi nimweleze dubu ni nini. Akasema anamfahamu, yumo kwenye Biblia, aliwararua watoto waliomcheka Elisha.

"Anakula mahindi?"

"Asali, nyanya. Na mara moja moja kondoo."

"Na watu wanaishi hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mabati yakigongwa kwa mbali; ulikuwa msimu.

"Haya," akasema, "wacha nikupe mjomba wako, mimi natoka nje."