Jasho la Mwanamuziki Lipimwe Hadharani

Msimu wa ufuta unapofika, mkulima wa Malolo, wilayani Ruangwa, hupeleka magunia yake katika ghala la Chama cha Msingi cha Ushirika. Hapo mzigo wake hupimwa mbele ya macho yake, naye hupewa stakabadhi. Siku ya mnada bei hutangazwa na kila mtu huisikia. Mkulima huyo anaweza kuridhika na bei au akanuna, lakini hawezi kusema kwamba hakuijua. Anajua kilo zake, anajua makato yake, na akiwa na shaka anajua mlango wa kubisha.

Kijana wa kata hiyo hiyo aliyetunga wimbo, akaurekodi mjini kwa fedha za ufuta huo huo, na kuupeleka mtandaoni, hana hata kimoja kati ya hivyo. Hajui nani aliupima wimbo wake, kwa mizani gani, wala bei ilipangwa wapi. Hupokea tarakimu kwenye simu, na aghalabu tarakimu hizo hazitoshi kununua seti moja ya nyuzi za gitaa. Kati ya watu hawa wawili, wote wavuja jasho, mmoja amewekewa mizani hadharani na mwingine anauza gizani. Hilo ndilo jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwenye dhamana ya utamaduni na elimu katika nchi hii.

Inafaa kwanza ieleweke kwamba bendi za zamani nazo hazikuishi kwa kuuza nyimbo. NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz chini ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na mlangoni palikuwa na kiingilio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo na kuzitangaza, na wimbo uliovuma redioni ulijaza ukumbi siku ya dansi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo santuri zilichapwa Nairobi. Kwa ufupi, wimbo ulikuwa tangazo, na riziki ilipatikana kwingine.

Bendi ndogo ya leo haina kiwanda cha kuilipa mshahara. Mwenye studio ndogo ya Ruangwa au Nachingwea, ambaye ndiye lebo ya wanamuziki wa huko, naye hana mfadhili. Wameambiwa kwamba sasa wimbo wenyewe utawalisha kwa njia ya utiririshaji, yaani muziki kusikilizwa moja kwa moja kutoka mtandaoni bila msikilizaji kuununua. Ahadi hiyo haina budi kuchunguzwa.

Si haki kuilaani teknolojia hii. Kwa njia hiyo wimbo wa Malolo unaweza kusikika Muscat au London siku ile ile unaposikika Lindi, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Hakuna bendi ya miaka ya 1970 iliyopata nafasi kama hiyo. Lakini kusikika ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine.

Utaratibu wa malipo ni huu. Chukua mfano wa mwalimu wa Nachingwea anayelipia huduma ya muziki kila mwezi, naye hasikilizi chochote ila bendi moja ya wilayani kwake. Ni rahisi kudhani kwamba fedha zake, baada ya makato, huifikia bendi hiyo. La hasha. Katika huduma nyingi kubwa, fedha za wasikilizaji wote humwagwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kufuata hesabu ya nyimbo zote zilizosikilizwa. Kama bendi ya mwalimu ilisikilizwa mara mbili katika kila mara milioni moja, itapata mafungu mawili katika milioni. Sehemu kubwa ya fedha za mwalimu huyo huenda kwa wanamuziki mashuhuri ambao hakuwasikiliza hata siku moja.

Isitoshe, tangu mwaka 2024 Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, hailipi chochote kwa rekodi ambayo haikusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Kampuni hiyo inaeleza kwamba senti hizo ni chache mno, humezwa na gharama za benki, na hazimfikii mwenyewe. Huenda ni kweli. Lakini fedha hizo hazirudishwi kwa msikilizaji. Huongezwa katika fungu la wenye nyimbo nyingine. Hebu Chama cha Msingi kitangaze kwamba atakayeleta pungufu ya gunia moja hatalipwa, na kilo zake zitaongezwa katika magunia ya wenye mashamba makubwa. Je, mkutano wa wanachama ungemalizika kwa salama?

Yako pia mambo ya hapa nyumbani. Wasikilizaji wengi wa vijijini hawalipii huduma yoyote ya muziki. Hununua kifurushi cha intaneti, au huingiziwa nyimbo kwenye memori kadi katika kibanda cha sokoni. Kwa hiyo fedha za muziki zinatoka kila siku katika mifuko ya wananchi, ila zinaishia kwa mwenye mtandao wa simu na mwenye kibanda. Anayesikiliza bure kwa kuvumilia matangazo naye huingiza kidogo sana, kwa kuwa bei ya matangazo hufuata utajiri wa nchi anayoishi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, imo katika mikataba. Watu wa Lindi na Mtwara wanaifahamu kangomba. Mlanguzi humjia mkulima wakati wa njaa, humpa fedha kidogo, na msimu ukifika huzichukua korosho zote. Kangomba ya muziki ipo pia. Kijana asiye na fedha za studio hulipiwa gharama ya siku moja, naye huweka sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisoma, pengine iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayompa mwingine haki ya wimbo wake kwa maisha yote. Mkulima aliyeuza kangomba hupoteza msimu mmoja. Mtunzi aliyeuza hakimiliki amepoteza mkorosho wenyewe.

Sheria zipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaundwa COSOTA. Mwezi Januari 2022 mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 iligawiwa kwa wasanii zaidi ya 1,000. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini wastani wake ni kama laki tatu kwa msanii, na hauwezi kuendesha bendi yenye watu wanane na vyombo vinavyohitaji matengenezo. Aidha, mtunzi asiyesajili kazi yake hana nafasi katika orodha ya mgao, na wasiosajili wengi wako mbali na miji mikubwa.

Kipi kifanyike? Jibu limo ndani ya ghala la ufuta. Mkulima mmoja wa Ruangwa hakuweza kumkabili mnunuzi mkubwa peke yake. Ndiyo maana vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeungana katika Chama Kikuu cha RUNALI na kuuza kwa pamoja. Lebo ndogo za nchi nyingine zilifikia uamuzi wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 zilianza kutumia umoja uitwao Merlin, unaojadiliana na makampuni ya mtandaoni kwa niaba ya wenye lebo huru, ili mdogo asipewe masharti ambayo mkubwa asingeyakubali. Hakuna sababu kwa bendi, vikundi vya ngoma, kwaya na studio za wilaya tatu hizo kushindwa kuwa na umoja mmoja, wenye mkataba mmoja na wakala wa usambazaji, na daftari moja la hesabu linalosomwa mbele ya wanachama wote.

Pili, mizani ionekane. Mamlaka zinazosimamia hakimiliki na mawasiliano zina wajibu wa kuwataka mawakala wanaofanya biashara nchini wampe kila mwanamuziki taarifa ya Kiswahili inayoonyesha wimbo ulisikilizwa mara ngapi, katika nchi gani, kwa malipo gani, na nani alikata nini. Wala isisemwe kwamba chungu kimoja ndiyo njia pekee. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kuwalipa wanamuziki wadogo kwa kufuata fedha za kila msikilizaji na nyimbo alizozisikiliza yeye mwenyewe. Madhali mmoja ameweza, wengine waulizwe kwa nini hawawezi.

Tatu, ni zamu ya ofisa utamaduni na ya mwalimu. Katika kata nyingi hao ndio watu wa karibu wanaoweza kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Mwalimu anayefundisha kwaya ya shule anaweza kuwafundisha vijana kuandika, kabla ya kuingia studio, nani alitunga, nani alipiga chombo gani, na kila mmoja atapata fungu gani. Ofisa utamaduni anaweza kutenga siku moja ya mwezi kwa ajili ya kusajili kazi za watunzi, badala ya kuwakumbuka siku ya mapokezi ya mgeni tu. Kazi hizo hazihitaji bajeti mpya.

Ukweli mmoja usifichwe. Hata mizani ikiwekwa sawasawa, utiririshaji peke yake hautailisha bendi ya Malolo. Wasikilizaji wake ni wachache, na uchache huo hautaondolewa na sheria. Kiingilio cha mlangoni, harusi na sherehe za mavuno zitabaki kuwa tegemeo, kama ilivyokuwa kwa waliotangulia. Lakini uchache wa mavuno haujawahi kuwa sababu ya kumpunja mvunaji. Mwenye kilo kumi za ufuta hupimiwa kilo kumi, akapewa stakabadhi ya kilo kumi. Mwenye wimbo mmoja naye apimiwe wimbo wake huo mmoja, mbele ya macho yake, na apewe stakabadhi.