SHAMBA NA BUSTANI: Makangaga Katika Kivuli cha Kibwezi

Msafiri apitaye Kibwezi kwa njia kuu ya Mombasa mwezi wa Septemba, akaona vumbi, mkonge na mibuyu isiyo na jani, ni shida kumsadikisha kwamba kangaga, mmea upendao unyevu kuliko mimea mingi, lina makao yake hapa. Walakini ndivyo ilivyo. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito huko juu, maana ardhi yake ni majivu na mawe ya volkeno yenye matundu. Maji huzama, husafiri chini kwa chini, kisha hububujika katika chemchemi kama ile ya Umani, ndani ya msitu wa Kibwezi. Kwa sababu hiyo msitu ni mbichi katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima ni kadiri ya milimita 600 tu.

Kwa wasiolijua kwa jina, kangaga ni mmea ambao mara nyingi majani yake yamechanika mfano wa unyoya, na yale machanga hujikunja kama mkia wa kinyonga. Halitoi ua, wala tunda, wala mbegu.

Mwenye nyumba apendaye kupamba baraza yake kwa makangaga, wazo lake la kwanza huwa ni kushika panga na gunia na kuelekea chemchemini. Jambo hilo halifai. Msitu ni mali ya umma, na sheria ya misitu ya mwaka 2016 yakataza kutoa mmea humo bila ruhusa. Hata kama sheria isingekuwapo, kangaga lililozoea mvuke wa chemchemi, likatiwa mizizi na kuletwa barazani penye upepo mkavu, aghalabu hufa kabla ya mvua kurudi, na ukingo wa maji hubaki mtupu. Waingereza waliyaona hayo kwao. Katika karne ya 19 watu wa kila cheo walishikwa na wazimu wa makangaga, wakayang'oa kwa vikapu ili kuyauza mijini, hata aina moja nzuri ya Killarney, nchini Ireland, ikakaribia kutoweka kabisa.

Liko kangaga ambalo Mkamba hulipita kila siku bila kuliangalia. Humea katika nyufa za mawe ya vilima vikavu, kimo chake ni kama kidole au shubiri moja, na jani lake limetandazwa kama kipepeo, mfano wa mkoma mdogo sana. Wataalamu waliita Actiniopteris. Wakati wa kiangazi hujikunja likawa kama limekufa. Mvua ikinyesha hukunjuka tena na kuwa kijani. Hilo ndilo la kuanza nalo Kibwezi, kuliko yale makubwa ya penye maji ambayo humchosha mtu kwa kuyanywesha asubuhi na jioni.

Udongo wake usiwe mzito. Changanya kokoto za volkeno, ambazo hapa hazinunuliwi, na vipande vya mkaa na majani yaliyooza chini ya mwembe. Debe lililotobolewa chini lafaa sawa na chungu cha duka. Kivuli cha mwembe chatosha, lakini upande wa upepo tundika gunia na kulilowesha wakati wa joto, kwani upepo huua makangaga mengi kuliko jua. Visima vingi vya Ukambani ya chini vina maji ya chumvi, nayo huunguza ncha za majani. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati. Mbolea ya mbuzi iwe kuukuu, tena kidogo. Mbuzi mwenyewe awe mbali.

Sasa, mmea usio na mbegu huzaaje? Geuza jani lililokomaa, nawe utaona vidonda vya rangi ya kahawia mgongoni, au mstari ukingoni. Humo mna vumbi, na kila chembe yaweza kuwa mmea. Omba jani moja kwa jirani mwenye kangaga, au likate kwenye mawe ya shamba lako, ulitie katika bahasha ya barua kwa siku mbili tatu. Mwagia udongo maji yanayochemka ili kuua kuvu, ungoje upoe, kisha nyunyiza lile vumbi juu yake ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Usilifukie. Funga kifuniko na kuiweka kivulini.

Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua faida ya chupa iliyofungwa kwa bahati tu, yapata mwaka 1829. Alikuwa akitunza buu la nondo katika udongo wenye unyevu, mara kangaga likachipua humo, na likastawi bila kunyweshwa ingawa hewa ya mji ilijaa moshi.

Baada ya majuma kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vijani vidogo vyenye umbo la moyo, visivyofika upana wa ukucha. Wengi hapo hudhani ni uchafu, wakamwaga. Wasimwage! Juu ya vijani hivyo matone ya maji huchukua mbegu ya kiume hadi kwenye ya kike, ndipo kangaga lenyewe litokee. Huenda miezi sita ikapita. Anayeanza mvua za Novemba zinapoingia atakuwa na miche ya kuhamisha katikati ya mwaka. Na kwa kuwa huo ni wakati wa ukavu Kibwezi, afungue kifuniko kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili kabla ya kuitoa miche nje.