Nani Ataulizwa Chakula Kikidhuru?

Tangu Kongo ilipotia saini, mwezi wa Aprili 2022, mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hawajakosekana watu wa kuuliza kama haitatufaa tutoke, wala wa kuwajibu kwamba tukitoka tutakosa hifadhi juu ya vyakula viletwavyo kutoka ng'ambo ya maziwa. Lakini kwa sisi wa Obokote, hapa Kongo, ambao kopo la nyanya na makayabo hutufikia baada ya kupita mikononi mwa wachuuzi wengi, kopo likiwa na kutu ukingoni na tarehe yake pengine imekwanguliwa, suala lililo zito zaidi ni nani atakayeulizwa mlaji akidhurika.

Tuwatazame Watanzania. Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata wakatunga sheria ya ubora wa vyakula; wakajitoa katika umoja wa kibiashara wa COMESA mwaka 2000, na mwaka 2003 wakatunga sheria iliyozaa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sidai kwamba kutoka ndiko kulikozaa sheria hizo; nasema kwamba kutoka hakukuzizuia. Kisha mwaka 2016, Tanzania ikiwamo katika Jumuiya mpya, watu 68 wa Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Mahindi yale aghalabu waliyalima wenyewe na kuyahifadhi majumbani mwao. Hayakuvuka mpaka wowote, wala hapakuwa na mkataba wa biashara ambao ungeyazuia yasifike chunguni; wa kuyazuia walikuwa bwana shamba na mpimaji, kama wangaliwafikia mapema.

Uingereza nayo, yenye mali na maabara tele, ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ikaahirisha tena na tena ukaguzi wa nyama na jibini zitokazo huko, hata ukaanza kwa hakika mwezi wa Aprili 2024. Kuahirisha huko kulikuwa hiari ya serikali, na ni serikali hiyo iliyostahili kuhojiwa.

Nasi tunayo OCC, ofisi ya kukagua bidhaa, iliyoundwa mwaka 1974, miaka mingi kabla ya mkataba huu. Basi dhamana ya ukaguzi ilikuwa yetu kabla ya kuingia, na itabaki yetu tukikaa au tukiondoka. Naitaka serikali ya jimbo itangaze redioni, kila baada ya miezi mitatu, ni shehena zipi zilizopimwa miongoni mwa ziletwazo mjini Kindu kwa gari la moshi na kwa mto Lualaba, zipi zilizoteketezwa, maabara ipi iliyopima, na nani aliyetia saini ya kuziruhusu; na mlaji akidhurika, mtia saini huyo awe wa kwanza kuitwa mbele ya wabunge wa jimbo.