Ladha Siyo Jibu

Muulize mtu aliyemaliza kuangalia filamu sebuleni kwake ameionaje. Atakwambia ni kali, au imepoa, au haina kitu. Muulize kwa nini. Hapo atasita kidogo, kisha atasema: kila mtu na ladha yake. Mazungumzo yamekufa papo hapo, na aliyeyaua anaamini ametenda uungwana, kwamba ameheshimu uhuru wako wa kupenda unachopenda. Mimi nakataa. Kauli hii tunayoirudia kana kwamba tumeusiwa na wazee ni mlango wa kukimbilia pale fikra zinapodaiwa, na imeiumiza sinema ya Kiswahili sawasawa na ilivyoumizwa na uhaba wa fedha.

Ladha ipo. Kuna asiyevumilia kuona damu, kuna anayelala filamu ya mapenzi inapoanza, kuna asiyetaka kutishwa usiku. Hao wanachagua cha kuangalia, na hakuna wa kuwahoji. Lakini ukitamka kwamba filamu fulani ni mbovu, umeshatoa dai kuhusu kazi ya watu wengine, na mwenye dai hudaiwa ushahidi. Ni tukio gani lililoharibika? Ni mhusika yupi hakuaminika, na kwa sababu gani? Pale ulipochoka, palikuwa na nini kwenye kioo?

Chukua Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar, jambo lililokuwa halijafanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Nimewasikia wengi walioiangalia nyumbani, na lawama zao karibu zote ni mbili: haikufuata kitabu, na inakwenda polepole. Ukiwabana, wanarudi kwenye ladha. Ni hasara kubwa, kwa sababu kila lawama hapo ina mjadala mzito ndani yake ambao hawakuufungua.

Tuanze na kitabu. Riwaya ile imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita, wakakariri wahusika na dhamira kwa ajili ya mtihani. Wanapokaa mbele ya televisheni wanasahihisha: hiki kipo, kile hakipo. Lakini riwaya inayomfuata Yasmin kutoka mji mmoja hadi mwingine, kutoka ndoa ya kulazimishwa hadi maisha aliyoyachagua mwenyewe, haiwezi kuingia yote katika saa moja na nusu. Mwongozaji hana budi kukata. Swali la maana ni amekata nini, na alichobakiza kimepata nguvu gani. Kwa maoni yangu amefaulu kwa Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Siti Amina anayemwigiza ni mwimbaji, na anapoimba tunamwona mwanamke aliyekwisha kuamua namna atakavyoishi, bila mtu kutueleza kwa maneno. Lakini amepata hasara kwa Denge. Kitabuni tunakaa na Denge na wenzake, tunasikia wanachokiamini na wanavyoupinga utawala wa Mwingereza Zanzibar. Kwenye filamu siasa ile imebanwa, tunaona karatasi zikisambazwa kuliko tunavyosikia hoja zilizomo ndani yake. Mtu anaweza kunipinga katika yote mawili. Lakini atanipinga kwa kunionyesha kitu, nami nitarudi kukitazama.

Na huo upolepole? Hapa ndipo ladha inapotufanya tusione. Katika Vuta N'kuvute kamera inakaa juu ya uso, juu ya ukuta wenye unyevu, juu ya kichochoro chenye mwanga kidogo, kwa sababu watu wale wanaishi wakijificha. Yasmin amemkimbia mume mzee, Denge anasakwa na polisi. Mtu anayejificha hazungumzi sana, husikiliza. Ukimya wa filamu ni hofu yao, na dakika zile zinakuingiza katika hofu hiyo.

Sasa linganisha na picha tuliyoizoea katika filamu nyingi za Bongo za zama za DVD. Gari linafika, honi inapigwa, geti linafunguliwa, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anaingia ndani, anasalimiwa, analetewa juisi. Dakika zinakwenda na hakuna maisha ya mtu yeyote yaliyobadilika. Sababu yake tunaijua: hadithi moja ilivutwa ili iuzwe kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ule urefu ulikuwa wa sokoni, haukutokana na hadithi. Mtazamaji anayesema aina hizi mbili za filamu zote zinaboa, basi, kila mtu na ladha yake, amemhukumu sawasawa msanii aliyefikiri na mfanyabiashara aliyevuta dakika. Yule aliyefikiri ndiye anayeumia, maana mwenzake hakuwa na la kupoteza.

Na mfanyabiashara aliufaidi sana ukimya wetu. Alipoulizwa kwa nini kila filamu ina jumba lile lile na mama mkwe yule yule, alijibu kwamba ndicho watazamaji wanachokitaka. Nani angembishia? Watazamaji walikuwa hawajasema wanachokitaka wala wasichokitaka, walikuwa wamenunua au hawakununua. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo, Dar es Salaam, kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela mitaani. Jibu walilopewa na wananchi wengi lilikuwa la dharau: tengenezeni kwanza filamu nzuri. Niliona uchungu. Wasanii walikuwa na haki ya kulalamikia kazi zinazodurufiwa bila malipo, na wananchi walikuwa na haki ya kudai kilicho bora, ila baada ya miaka yote ile ya kuangalia filamu zao hakuna aliyeweza kuwaambia ubovu uko wapi. Kwenye uandishi? Kwenye sauti isiyosikika kila wakienda nje? Kwa wahusika wasio na kazi inayojulikana, ambao pesa zao hazina chanzo? Msanii aliyeambiwa tu kwamba kazi yake ni mbovu hana cha kurekebisha.

Najua pingamizi litakalokuja. Watasema: mimi nimetoka kazini nimechoka, naangalia filamu nipumzike, usinifanyie darasa sebuleni. Nawaelewa. Lakini mchovu huyo huyo, zikicheza Simba na Yanga, atakwambia kiungo wa timu yake alipaswa kutolewa mapema kwa sababu alikuwa anachelewa kurudi, anaacha pengo mbele ya mabeki, na pasi zake zote zinakwenda pembeni. Hakusomea ukocha. Jirani yake wa timu pinzani hamjibu kwamba kila mtu na ladha yake, anambishia kwa tukio la kipindi cha pili. Wataendelea hadi usiku, kesho yake watamalizia kazini, na hakuna atakayesema ubishi umemharibia mpira. Mtu mwenye uwezo wa kuona pengo mbele ya mabeki ana uwezo wa kuona pengo katika hadithi. Tumemwaminisha tu kwamba huku hahitaji kuutumia.

Wala kutoa sababu si jambo la wasomi lililoletwa na wahakiki wa magazeti. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilipofika kwenye majumba ya sinema ya mwambao wetu, wengi walioiangalia hawakujua Kihindi. Waliisoma kwa macho, kwa nyimbo na kwa kuulizana. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa enzi hizo Zanzibar na bara, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyojadiliwa njiani, vibarazani na majumbani: mapenzi yana haki gani mbele ya amri ya wazazi, mtoto anarithi ubaya wa baba au anafundishwa na mtaa. Ulitoka ukumbini pamoja na watu mia kadhaa, ukatembea nao kurudi nyumbani, na ukisema filamu ni mbaya palikuwa na mtu kando yako wa kukuuliza ubaya wake.

Baadaye ikaja mikanda ya video na vibanda vya kuionyesha, na bado hoja ilikuwepo. Marehemu Lufufu, aliyezitia filamu za nje sauti ya Kiswahili Dar es Salaam, hakuishia kufasiri. Alimtetea steringi, alimkaripia adui, alieleza kwa nini mtu fulani ni mpumbavu kuingia mlango ule. Unaweza kumlaumu kwa kuongeza asichosema mwandishi wa filamu, na mimi humlaumu hapo, lakini alikuwa na msimamo juu ya kila tukio na alikupa sababu yake. DJ Afro naye aliwazoesha hivyo watazamaji wa Kenya.

Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaangalia peke yetu. Filamu tumejaziwa kwenye flashi au tunaipata kwa bando, simu iko mkononi, tukichoka tunasogeza mbele dakika tano, tukipigiwa tunapokea, na mwisho tunatoa hukumu ya neno moja ambayo hakuna wa kuidai maelezo. Mtu aliyeruka robo ya filamu anasema haieleweki. Sisemi turudi kwenye kumbi, nyingi zimefungwa au zimegeuzwa shughuli nyingine. Nasema sebule nayo ina watu. Ina mke, mume, kaka, binamu aliyekuja likizo, kijana wa kidato cha pili ambaye mara nyingi ameona kuliko wote. Kijana huyo akisema filamu imemkera, usimwambie ni ladha yake. Muulize ilimkera wapi. Atatafuta, na akitafuta ataona.

Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012, imenusurika kidogo na ugonjwa huu, pengine kwa sababu inagusa watu pabaya. Nimesikia wakisema inaichafua Nairobi. Hiyo angalau ni hoja, na inajibika. Mhusika mkuu, Mwas, anaanza kijijini akiuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja, mwili mzima. Akifika mjini anaibiwa, anatupwa mahabusu, analazimishwa kuosha choo kichafu, halafu genge linampokea kwa wema ambao hakuuona kwa polisi. Filamu inadai kwamba kipaji kile kile cha kuigiza ndicho kinachomfaa jukwaani na kwenye wizi. Anayeona ni uchafuzi aniambie ni kiungo kipi katika mnyororo huo ni cha uongo.

Nami sina budi kutoa hukumu yangu, abishaye abishe. Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya Kenya ya mwaka 2018, kila aliyenihimiza kuiangalia aliisifu kwa neno moja: inaliza. Kulia hakutoshi. Mtoto mgonjwa na muziki wa huzuni vitamliza yeyote, hata mwongozaji akiwa mvivu. Jo ana miaka tisa na hatapona, mama yake anamtoa hospitali amalizie siku zake nyumbani. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamwaminishe mtoto kwamba ana nguvu kama za mashujaa wa filamu anazozipenda. Mwongozaji mwingine angetosheka hapo, kijiji chema kikimdanganya mtoto kwa upendo. Wainaina amempa Jo akili. Anajua anaumwa, anajua watu wazima wanaigiza, na anachotaka ni filamu halisi itengenezwe naye akiwemo. Kuanzia hapo mtoto ndiye anayewabeba watu wazima, na machozi yangu yalitoka hapo, siyo kwenye kitanda cha mgonjwa. Kasoro naiona kwa mama. Anakataa kwa nguvu, halafu moyo wake unageuka upesi mno. Nilitaka nimwone na Mwix peke yao, wagombane hadi waseme lile ambalo kila mmoja analiogopa, ndipo akubali. Aliyeona kwamba mgeuko wa mama umejengwa vizuri, na anitajie tukio lililonipita.