Uji wa watoto na ghadhabu za wazazi

 

Ndugu zangu Waislamu, leo tuzungumzie sufuria ya uji. Huenda msomaji akaliona jambo hili dogo kwa ukurasa wa Ijumaa, lakini nimeshuhudia hapa Tanga mkutano wa wazazi wa darasa la awali ukivunjika kwa ajili yake. Mwalimu alisoma utaratibu: kila mzazi alete mahindi na sukari, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia asipange foleni ya uji. Baba mmoja akasimama, akapaza sauti kuwa elimu ni bure na huo ni wizi. Makofi yakarindima. Nakiri kuwa nami nilipiga. Wiki ile ile, nilipokwenda kumchukua mjukuu wangu, nilimkuta mtoto wa yule baba chini ya mwembe, kikombe kitupu mkononi, akiwatazama wenzake wakinywa.

Ghadhabu ile ina asili yake. Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na wengi wetu tukafahamu kuwa chakula nacho kimo humo, ilhali chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki juu ya mzazi. Januari 2018 Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, akapiga marufuku michango shuleni. Walimu wengine wakaogopa hata kupokea debe la mahindi, hadi ilipofafanuliwa kuwa wazazi wanaweza kukubaliana na kuchangia kwa hiari, mradi mtoto asirudishwe nyumbani. Mbichi na mbivu hazikujulikana kwa muda, na baina ya tamko na ufafanuzi watoto walikuwa na njaa.

Sheria yetu inasemaje? Nafaqa ya mtoto ni wajibu wa baba, na hakuna waraka uliomwondolea wajibu huo. Anayeweza debe la mahindi akalizuia kwa hoja ya "elimu bure", ajue kuwa aliyemnyima ni mwanawe, wala si mwalimu. Lakini shule nayo isijidanganye. Mtoto wa miaka mitano si mukallaf. Hana deni na hadaiwi. Kumwondoa foleni ili baba yake aone haya ni dhulma, hata kama kamati nzima imetia saini.

Ghadhabu za namna hii si zetu peke yetu. Julai 2019, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, chekechea mbili zilizokuwa chini ya uongozi mmoja ziliamua kuondoa nyama ya nguruwe katika chakula cha watoto, kwa kuzijali familia za watoto wawili wa Kiislamu. Gazeti la Bild likaandika, nchi ikawaka moto, vitisho vikamiminika, polisi wakawekwa kulinda, na uamuzi ukasitishwa. Kelele nyingi zilitoka nje ya chekechea zile. Sisi, kwa kuwa walioguswa ni Waislamu wenzetu, kosa hilo tunaliona upesi sana. Pale mwembeni mbona hatukuliona?

Sisemi wazazi wanyamaze. Mama mwenye shaka na nyama inayopikwa shuleni ana haki kamili ya kwenda jikoni kumuuliza mpishi nani kachinja; na akifanya hivyo mapema, kwa adabu, mara nyingi hujibiwa vizuri, kwani wapishi wa shule zetu ni mama zetu hawa hawa wa mtaani. Mwenye kutilia shaka hesabu ya mahindi aidai mbele ya kamati, kwa maandishi.

Wapo pia wasio na kitu kweli, wajane na vibarua wa mashamba ya mkonge ambao ujira wao hauishi mwezi. Hao wasisubiri mkutano. Maimamu wa Ngamiani, Pangani, Muheza na Mkinga waulizeni walimu wa awali walio jirani na misikiti yao ni watoto wangapi hawapangi foleni, kisha sadaka ya Ijumaa moja ipelekwe huko, bila kutaja majina ya watoto. Debe moja la mahindi halimshindi msikiti wenye safu nne.