Mji wa Watoto na Heshima ya Kazi

Ndugu wazazi, baadhi ya familia zetu zinazozuru Dubai huwapeleka watoto KidZania, mji mdogo wa michezo uliofunguliwa mwaka 2010 ndani ya Dubai Mall. Asili yake ni Mexico, mwaka 1999. Humo mtoto huvaa sare, akawa zimamoto, daktari au rubani. Hulipwa ujira kwa fedha ya mji huo, iitwayo kidZos, na akitaka starehe hulipia kwa alichochuma.

Somo hilo ni jema. Lakini mzazi anayempiga picha mwanawe kwa fahari akiwa ndani ya sare, kisha nyumbani akamdharau mzoa taka mbele ya mtoto huyohuyo, amelibomoa somo hilo kwa ulimi wake. Nabii Nuhu (A.S.) aliunda safina, Nabii Daudi (A.S.) alifua deraya, na Mtume wetu (S.A.W.) alichunga kondoo.

Basi asiye na nauli ya Dubai asisikitike. Mpeleke mwanao kwa seremala wa mtaani: amwamkie, aitazame randa ikifanya kazi, kisha akuone ukimlipa fundi ujira wake kamili, siku ileile, bila ya kumzungusha.